Kigari cha mtoto, mfuko wa baba



Sisi tuliokulia Tukuyu tuliujua mteremko kabla ya kujua kusoma. Mji wetu umekaa chini ya Mlima Rungwe, na barabara itokayo Mbeya hupita kwetu ikishuka hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, mbali chini yetu. Katika nchi ya namna hiyo kigari cha mtoto hakihitaji injini. Tulichonga magurudumu kwa panga kutoka kwenye gogo la mlingoti, tukayalainisha kwa mawese, tukaongoza kwa kamba, na breki ilikuwa kisigino. Baadaye mafundi wa gereji walitupa bure beringi zilizochakaa. Gharama ya kigari ilikuwa jasho na, mara nyingine, ngozi ya magoti.

Leo beringi iliyochakaa haitupwi. Wanunuzi wa chuma chakavu huipima kwa kilo, na mtoto aitakaye hana budi kuinunua.

Idd el Fitri iliyopita kamati yetu ya msikiti iliandaa mashindano ya vigari kwenye njia ya udongo, mbali na malori. Tangazo tuliliandika kwa mkono wetu wenyewe: kiingilio shilingi 2,000 kwa kila mtoto, na fedha zote apewe mshindi. Alishinda kijana ambaye baba yake alimtengenezea kigari kwa fundi wa kuchomelea: fremu ya chuma, beringi nne mpya. Hatumlaumu, kwani hakuvunja sharti lolote. Lakini kando ya njia aliketi yatima mmoja juu ya kigari chake cha mbao, naye alikuwa ameshinda Idd mbili zilizotangulia. Tulipomuuliza kwa nini hashindani, alijibu kwa adabu: "Shikamoo, ustadhi. Mama amesema elfu mbili ni ya sabuni na chumvi."

Baada ya swala ya Magharibi mzee mmoja alituita pembeni. "Wanangu, fedha za watoto zilizokusanywa akapewa mmoja, huko chuoni mliziita nini?" Tulinyamaza. Jibu tulilijua: kila mshindani akitoa chake ili mmoja achukue cha wote, hiyo ni kamari. Tuliisoma, tukaifanyia mtihani, kisha tukaitangaza msikitini.

Wengine waliteleza kabla yetu. Mwaka 1933, mjini Dayton, Marekani, mpiga picha wa gazeti, Myron Scott, aliwaona wavulana wakishindana kwa vigari walivyojiundia, akawaandalia mashindano. Mwaka 1935 yalihamia Akron, na kampuni ya Chevrolet ikayadhamini kwa miaka mingi. Zawadi zilipokua, mikono ya wakubwa nayo iliingia. Mwaka 1973 bingwa alivuliwa ushindi baada ya kugundulika sumaku ya umeme iliyofichwa ndani ya kigari chake, na mtu mzima wa jamaa yake alihusika. Mchezo wa watoto ulikuwa umegeuka kuwa mchezo wa wazee wao.

Dini yetu haikukataza kushindana. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi: waliofanyiwa mazoezi walikimbia masafa marefu, na wasiofanyiwa walikimbia masafa mafupi, kutoka Thaniyyatul-Wadaa hadi msikiti wa Banu Zurayq. Kila kundi lilipewa njia yake, asiyeandaliwa asipambanishwe na aliyeandaliwa.

Kwa hiyo tumerekebisha. Baba wa mshindi alizileta fedha kabla hatujamwomba, nasi tukazirudisha nyumba kwa nyumba. Idd ijayo hakutakuwa na kiingilio. Vigari vya mbao vilivyoundwa na watoto wenyewe vitashuka peke yake, na vya mafundi peke yake. Msikiti utatoa madaftari kwa kila mtoto, awe wa kwanza au wa mwisho. Wazazi, tunawaomba mje kushika kamba za kuzuia watazamaji, lakini nyundo muwaachie watoto.

Yule yatima tumemwomba awafundishe wadogo zake kuchonga magurudumu. Bado hajatujibu. Tunamsubiri, na ana haki ya kutusubirisha.