Pine ya trakta na hesabu niliyoikosea

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, na katika kikundi chetu cha wakulima hapa bonde la Ruzizi ndimi ninayeshika sanduku la pesa. Watu hufikiri mwalimu hakosei hesabu. Leo naandika juu ya hesabu moja niliyoikosea, maana vikundi vingine vinatafuta kununua trakta iliyokwisha tumika, kama yetu.

Tuliinunua kwa michango ya miaka mitatu. Kiangazi kimoja ilisimama uwanjani tangu mwezi wa sita, juani, uzito wake wote juu ya pine. Mwezi wa tisa tulipotaka kulima, pine ya nyuma ya kulia ilikuwa imelala. Dereva wetu, mtoto wa mama mmoja wa kikundi, akaijaza upepo. Kesho yake asubuhi ikalala tena.

Tukamwita kwado. Akapaka maji ya sabuni kwenye valvu, kwenye ukingo wa janti, na ubavuni mwa pine. Kwenye valvu povu likachemka. Akakaza kisindano cha ndani, povu likakoma. Kazi ya dakika mbili. Lakini ubavuni pia mapovu madogo yalitoka kwenye nyufa. Nikapitisha ukucha katika ufa mmoja: ukazama, nikaona nyuzi za ndani. Kando yake niliona namba 3109. Kwado akanieleza kwamba pine ilitengenezwa juma la 31 la mwaka 2009.

“Mama Mwalimu, hii imezeeka,” akasema. “Nyufa nyembamba za juu juu ni za jua, unaweza kuzichunga. Nyuzi zikionekana, pine imekwisha. Ubavu hauzibwi kiraka kama sehemu inayokanyaga chini, sababu unajikunja kila mara gurudumu linapozunguka.”

“Na tukitia shambreri ndani?”

“Shambreri itashika upepo, mama. Uzito unabebwa na pine.”

Nikapiga hesabu. Pine nyingine, hata ya mtumba, ingemaliza sanduku. Shambreri ilikuwa bei ndogo. Mvua ilikaribia, na wamama kumi na wawili walikuwa wanangoja zamu yao. Nikasema: “Tia shambreri. Pine tutanunua baada ya mavuno.” Wenzangu sikuwaambia habari ya zile nyuzi.

Siku ya nne, kando ya mfereji wa maji, ubavu ukapasuka. Trakta ikainamia mferejini. Kijana akaruka, akavunjika mkono. Watoto wanaopenda kuifuata trakta nyuma, siku ile walikuwa masomoni, mbele yangu.

Jioni nilikwenda kwa mama yake, nikamweleza yote, hata zile nyuzi. Alinyamaza sana, kisha akaniuliza: “Dada, kwa nini hukutuuliza? Tungelima kwa jembe.” Sikupata jibu. Na kweli, mwaka ule tulilima kwa jembe, matibabu tukalipa, pine tukakopa. Jumla ilizidi bei ile niliyoiogopa.

Tangu hapo tunafanya hivi:

Kila juma tunapima upepo asubuhi, pine zikiwa baridi, kufuatana na kitabu cha trakta. Upepo ukiwa mdogo, ubavu hujikunja kupita kiasi na kupasuka mapema.

Upepo ukipungua, sabuni kwanza. Ukitoka kwenye valvu, kisindano kinakazwa au kubadilishwa, na kifuniko kinarudishwa ili vumbi lisiingie. Ukitoka ukingoni, kwado anaitoa pine na kusugua kutu ya janti. Ukitoka katika ufa wa ubavuni, trakta inasimama.

Wakati wa kujaza, hakuna anayesimama kuelekea ubavu wa pine, na watoto wanakaa mbali. Pine ikipasuka, upepo hutokea huko kwa nguvu.

Kiangazi trakta inakaa kivulini, imeinuliwa juu ya magogo ili pine zisibebe uzito. Mafuta yakidondokea pine, tunafuta mara moja, maana yanaharibu mpira.

Kabla ya kununua trakta ya mtumba, soma mwaka kwenye pine, pitisha ukucha katika nyufa, halafu ndipo uzungumze bei.

Na la mwisho: ufa wowote unaonyeshwa kikundi kizima, na uamuzi unaandikwa katika daftari. Mwenye sanduku haamui peke yake.

Jumamosi hii, baada ya mkutano, tutaikagua trakta pamoja. Mwenye kuweza alete kipande cha sabuni. Atakayetuonyesha ni yule kijana. Mkono wake umepona.