Musoma na Kiwanda Chake cha Nguo

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma kwa basi, akishalipita lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, aghalabu hujiegemeza na kusinzia. Ameshawaona pundamilia, na kwake yeye safari imekwisha. Ningemshauri asilale. Mbele yake iko Bunda, na akipita mwezi wa Julai, kama nilivyopita mimi, ataiona pamba imerundikwa mbele ya maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, na wakulima wameketi kivulini wakingoja zamu ya mizani. Mimi nilikwenda Mara kwa ajili ya pamba hiyo, au tuseme kwa ajili ya mji uliopata kuifuma.

Musoma umekaa juu ya rasi iliyochomoza ndani ya Ziwa Viktoria. Ukiifuata Barabara ya Mukendo hukawii kuyaona maji, na upepo wa jioni unatosha kumsahaulisha mtu wa Dar es Salaam jasho la mwaka mzima. Mwenye watoto awapeleke Matvilla wakayatazame majabali yaliyobebana ufukweni, kisha Mwigobero kunakouzwa samaki na dagaa. Asiiache Shule ya Mwisenge, ambako mwaka 1934 mtoto mmoja wa Kizanaki, Kambarage Nyerere, alianza masomo.

Lakini ipo alama nyingine ya mji huu ambayo mgeni haonyeshwi. Ni kiwanda cha nguo, ambacho wenyeji hukiita MUTEX.

Umuhimu wake hauonekani kwa kuyatazama majengo tu. Wakati wa Waingereza, pamba ya Kanda ya Ziwa ilichambuliwa mbegu, ikafungwa marobota na kupelekwa ng'ambo. Huko, hasa katika miji ya Lancashire, kaskazini ya Uingereza, ndiko pamba ya makoloni ilikogeuzwa nguo, na mkulima aliyeilima akaja kuinunua dukani ikiwa shuka. Baada ya Uhuru Taifa likaamua kusokota na kufuma lenyewe. Urafiki ukajengwa Dar es Salaam, Mwatex Mwanza, na Musoma nayo ikapata kiwanda chake.

Mwenyeji wangu, bibi aliyestaafu, alikuwa mfumaji humo. Nilipomwamkia shikamoo aliitazama midomo yangu kwanza, ndipo akaitikia marahaba. "Usinione hivi, mwanangu," akaniambia huku akicheka. "Mitambo ikishaanza humsikii hata jirani yako. Tulisemezana kwa midomo na mikono." Akanionyesha ishara ya uzi kukatika, ya msimamizi anakuja, na ya kwenda kula. Nilistaajabu, kwa maana wanawake wa Lancashire nao walikuwa na lugha kama hiyo, wakisomana midomo katikati ya kelele za mitambo yao. Hakuna aliyewafundisha hawa wala wale. Sandukuni akatoa kipande cha kitambaa, akakipitisha kidole ukingoni na kuniuliza kama naona ulivyonyooka. Nikasema naona.

Viwanda vya nguo vya umma vilielemewa. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni zilizokuwa adimu katika miaka ya 1980. Kisha soko lilipofunguliwa yakamiminika mitumba na vitambaa rahisi kutoka nje. Miaka ya 1990 ikawa ya ubinafsishaji. Cha Musoma nacho kikabadili mikono na mitambo ikanyamaza.

Tusidhani kwamba yametupata sisi peke yetu. Lancashire nako viwanda vilifungwa kwa mamia. Katika mji wa Burnley kiwanda cha Queen Street, kilichojengwa mwaka 1894, kilisimamisha kazi mwaka 1982; wenyeji wakakigeuza makumbusho, na watoto wa shule wakapelekwa kuiona mitambo ya mvuke ikitembea. Nakiri niliona wivu. Sisi hata kibao cha kumwambia mpita njia kwamba hapa palifumwa nguo sikukiona.

Kesho yake nilikwenda Butiama. Makumbusho ya Mwalimu, yaliyofunguliwa mwaka 1999, yanastahili nusu siku nzima, na Mwitongo penyewe, pale juu ya mawe alikozaliwa mwaka 1922 na kuzikwa Oktoba 1999 karibu na wazazi wake, Mtemi Burito na Mama Mugaya, ni mahali pa kutembea polepole. Watoto watawapenda tumbili. Mimi nilisimama kitambo mbele ya kabati za vitu vyake nikimfikiria yule bibi na kitambaa chake. Mtu huyu alizunguka nchi nzima akihimiza tusiuze malighafi na kununua bidhaa. Kipande kile cha sandukuni ni sehemu ya urithi wake sawasawa na vilivyomo kabatini, ila hakina kabati.

Jioni nilisubiri basi Makutano, panapoachana njia ya Butiama na ya Musoma. Lori lilipita likielekea upande wa Mwanza, limesheheni marobota ya pamba iliyochambuliwa. Sehemu kubwa ya pamba yetu bado huuzwa nje hivyo hivyo. Kijana muuza karanga aliyekuwa kando yangu aliokota kishungi kilichodondoka, akakisokota kwa vidole viwili hadi kikawa uzi, akafungia nao pakiti yangu ya karanga.