Msimu wa Mlima na Namba za Mtandaoni

Kabla intaneti haijazoeleka Moshi, msimu wa wageni ulisomwa kwenye mvua. Masika ya kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei yalituliza biashara, kiangazi cha Juni hadi Oktoba kikaiamsha, vuli ya Novemba ikaipunguza, kisha Januari na Februari zikawarudisha wapanda Mlima Kilimanjaro. Kampuni za utalii zililinganisha hayo na daftari lao: barua zilizofika, baadaye faksi, baadaye barua pepe. Makadirio yalikuwa ya jumla, na kila mtu alijua ni makadirio. Zana za kutafiti maneno ya utafutaji zilipoingia, tulichobadilisha kwanza ni imani yetu: kilichoandikwa kwa tarakimu tukakiona kimepimwa. Naamini huo ndio mzizi wa makosa mengi ya kupanga msimu. Zana hizi huonyesha vizuri umbo la mwaka, lakini hazifai kuaminiwa kwa idadi ya watu.

Google Trends, inayochora umaarufu wa maneno yanayotafutwa, ilianza mwaka 2006, na Keyword Planner, zana ya Google ya watangazaji, ikafuata mwaka 2013. Ya pili ndiyo iliyozoeleka kwa wauzaji wa safari, kwa kuwa ilitoa namba moja iliyo rahisi kukariri: wastani wa utafutaji kwa mwezi. Tatizo ni kwamba wastani huo kwa kawaida ni wa miezi 12. Tuseme neno moja linatafutwa mara 1,000 kila mwezi, na jingine linatafutwa mara 12,000 mwezi Januari peke yake. Wastani wake ni ule ule, ingawa biashara zake hazifanani hata kidogo. Kuanzia mwaka 2016, watangazaji wenye matumizi madogo walianza kuonyeshwa makundi mapana tu, kama 1,000 hadi 10,000. Kampuni ndogo ya Moshi inayouza njia za Machame na Lemosho haiwezi kupanga idadi ya wapagazi kwa kipimo chenye pengo la mara kumi.

Google Trends inaonyesha msimu vizuri zaidi, ila nayo husomwa vibaya. Alama zake za 0 hadi 100 ni uwiano: huonyesha sehemu ya neno hilo katika utafutaji wote wa mahali na wakati fulani. Mstari unaweza kushuka huku watafutaji wakiongezeka. Isitoshe, Google yenyewe imeweka alama kwenye grafu zake kuonyesha kwamba ukusanyaji wa takwimu ulibadilika mwaka 2016 na tena 2022, kwa hiyo kulinganisha miaka kumi kwa jicho tu ni hatari. Mwaka 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa nchini kuanzia Aprili hadi Mei, na sehemu kubwa ya dunia ikajifungia. Wastani wowote uliobeba miezi hiyo ulieleza ugonjwa kuliko mlima. Kuna pia mwezi mpevu. Wengi hupenda kuianza safari ya kilele usiku wa manane kukiwa na mbalamwezi, na tarehe zake husogea takriban siku 11 kila mwaka. Grafu ya mwaka jana haiwezi kuliona hilo.

Kosa kubwa kuliko yote ni la wakati. Anayetaka kusimama kwenye kilele cha Uhuru mwezi Agosti huanza kutafuta miezi mingi kabla, kwa hiyo wimbi la Januari linaweza kuwa la wageni wa kiangazi. Kwa utafutaji wa Kiswahili hali ni ngumu zaidi. Kila Desemba Wachaga waishio Dar es Salaam hurudi Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, na mabasi hujaa. Lakini mtu akichunguza maneno kuhusu nauli za Moshi, mara nyingi zana hukaa kimya, maana sampuli ni ndogo. Treni ya abiria iliporejea Moshi Desemba 2019 baada ya miaka 25 hivi, hakukuwa na msimu uliopita wa kuipimia. Sifuri ya zana haimaanishi kwamba abiria hawapo.

Wapo watakaosema kwamba namba mbovu ni bora kuliko kutokuwa na namba, na kwamba washindani wote wanaona namba hizo hizo. Ni kweli pale unapolinganisha maneno mawili, kwa mfano njia ya Rongai na ya Umbwe. Kosa likiyapata yote mawili kwa kiasi sawa, mpangilio hubaki. Lakini ukiajiri watu na kununua mahema kwa namba hiyo, kosa hugeuka hasara. Njia mbadala ni takwimu za tovuti yako mwenyewe; wengine watasema zina upendeleo, kwa sababu huwaoni watu ambao tovuti yako haikuwatokea. Nakubali. Hata hivyo upendeleo huo unajulikana, nao unaweza kusahihishwa kwa daftari la wageni waliolipa.

Hukumu yangu ni hii: tumia zana kujua lini wimbi linainuka, na daftari kujua linakuletea wangapi. Search Console, zana ya Google inayoonyesha utafutaji uliofikisha watu kwenye tovuti yako, huhifadhi takwimu za miezi 16 tu, muda usiotosha kulinganisha miaka miwili kamili. Pakua zako kila mwezi, ziweke kando ya tarehe za kuweka nafasi na tarehe za kupanda, kisha zilinganishe kabla ya kununua tangazo lolote.