Kabla Hujalipa Karo, Fika Kakamega

Ukitoka Kisumu kwa matatu, msomaji, ukapita Kiboswa na Chavakali, utaliona jiwe la Ilesi limesimama kando ya barabara, lile ambalo wenyeji husema hulia. Punde si punde utaingia mjini Kakamega, na ukishika barabara ya kwenda Webuye utafika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Huko ndiko nilikompeleka mdogo wangu majuzi.

Mdogo wangu ni mzimamoto wa miaka minane katika kaunti ambayo sitaitaja. Usiku mmoja soko lilishika moto. Magari mawili yalifika upesi, yote matangi makavu. Wazimamoto walikuwepo, mipira ilikuwepo, na mto hauko mbali. Nani alipaswa kuhakikisha matangi yamejazwa jioni? Hadi leo hakuna ajuaye. Mama mboga wengi walitazama mitaji yao ikiwa majivu.

"Kaka," aliniambia, "nimechoka kushika mpira. Nataka kuketi pale mambo yanapopangwa."

Basi akatoa akiba yake ya sako ili asomee shahada ya pili, na nusura alipie ile ya biashara kwa kuwa wakubwa wake wanayo. Nilimzuia. Biashara si mbaya, lakini hapo Kakamega kuna kitivo kizima cha usimamizi wa majanga na misaada ya kibinadamu, na somo lenyewe liko karibu: mto Nzoia hupita katika kaunti hiyo ukielekea Budalang'i, ambako mafuriko yamewahamisha watu mara nyingi.

Hata hivyo usikimbilie jina la shahada. Jiulize kwanza unataka kiti gani. Mwenye nia ya kusimamia bajeti na wafanyakazi atafaidika zaidi na usimamizi wa umma, unaofunzwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wa ambulensi na magonjwa ya mlipuko aangalie afya ya umma. Na tangu Katiba ya 2010, huduma za zimamoto na ambulensi ziko mikononi mwa kaunti, zote 47, kwa hivyo nafasi za kazi usizitafute Nairobi pekee.

Nairobi yenyewe inayo kumbukumbu yake. Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani, watu zaidi ya 200 waliuawa jijini humo. Raia walifukua vifusi kwa mikono, majeruhi wakabebwa kwa magari yoyote yaliyopatikana. Moyo ulikuwepo tele. Kilichopungua ni mpango, na mpango ndio unaousomea.

Ukifika chuoni, usiridhike na kijitabu chenye picha. Waulize wanafunzi utafiti wao wanaufanyia wapi, na kama mwalimu amewahi kufanya kazi penye janga. Uliza kama masomo ya wikendi yapo kweli au yapo kwenye karatasi tu. Hakikisha pia kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mdogo wangu aliuliza yote haya, akaniaibisha kidogo kwa ukali wake, lakini alijibiwa.

Tulikula ugali na kuku mjini, tukapanda gari la jioni. Fomu amezijaza. Karo hajalipa bado. Anangoja barua ya ruhusa kutoka kazini, na mkubwa wake amemwambia arudi Jumatatu.