Akili ya Ndani na Hofu ya Bibi

Mhadhiri alipotuuliza maana ya akili ya ndani, wengi tulijibu kwamba ni sehemu ya akili inayofanya kazi bila sisi kujua. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini mimi niliielewa maana hiyo nyumbani kwa bibi yangu, karibu na Masaka.

Asubuhi moja nilikuwa uani nikifanya mazoezi ya vitenzi vya kuamuru kwa sauti kubwa: "Simama! Keti! Njoo hapa!" Nikasikia sahani ikivunjika jikoni. Nilimkuta bibi ameegemea ukuta, mikono inatetemeka.

"Jajja, kuna nini?"

"Sijui, mjukuu wangu. Sijui."

Jioni ndipo alipokumbuka. Wakati wa utawala wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, askari vizuizini walitumia Kiswahili. Usiku mmoja walimchukua kaka yake, na hakurudi tena. Bibi hajui Kiswahili, lakini mwili wake unalijua neno "simama".

Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alifundisha kwamba mambo tunayoyasukuma mbali na fikira zetu hayapotei. Hubaki ndani, yakajitokeza katika ndoto au katika makosa ya ulimi. Niliposoma hayo nilijifikiria mwenyewe. Katika mtihani wa kuandika mimi hufanya vizuri, ila nikiitwa kuzungumza mbele ya darasa ulimi huwa mzito. Zamani nilidhani ni aibu tu. Sasa nakumbuka kwamba nilipokuwa mtoto, redio ikianza kusema Kiswahili, bibi aliizima bila neno lolote. Hakuna aliyeniambia kuwa lugha hii inatisha. Nilijifunza hivyo kwa kumtazama.

Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili nchini Uganda. Jambo hilo ni zuri. Hata hivyo, naona kwamba hofu haiondoki kwa sababu sheria imebadilika. Huondoka polepole, kama ilivyoingia.

Kwa hiyo sasa nikienda kijijini nazungumza Kiswahili kwa sauti ya chini, na ninaanza na salamu. "Shikamoo, bibi." Mara ya kwanza alinyamaza. Likizo iliyopita aliniuliza wenyewe hujibu nini, nikamfundisha. "Marahaba," alisema, huku akiendelea kumenya ndizi. Mikono yake haikutetemeka.