Kwa Avukaye Busia kwa Mara ya Kwanza



Mara kwa mara wenzetu wa pwani ambao hawajapata kuvuka mpaka wa magharibi huniuliza habari za safari ya Busia na Tororo. Kuuliza si ujinga. Katika makala haya nitaeleza yale ambayo ningependa kuelezwa mimi kabla sijaondoka kwetu mwaka 2019. Namwomba msomaji asiniache njiani, kwa kuwa neno kubwa nimeliweka mwishoni.

Kwanza ni hati. Tangu mwaka 2014 mwananchi wa Kenya aweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa. Hata hivyo, hapana budi awe pia na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha ya mwenye nacho. Mimi niliponzwa na papara. Nilichanjwa siku nne tu kabla ya safari, nikalazimika kukaa Kisumu kwa dada yangu nikingoja siku zitimie.

Pili ni malaria. Watafiti waliopima mbu wa Tororo mwaka 2001 na 2002 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Upulizaji wa dawa majumbani, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2014, ulipunguza balaa hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini haukuiondoa. Mgeni amwone daktari mapema ampe dawa za kinga, na kila usiku alale ndani ya chandarua.

Tatu ni fedha. Nchi zote mbili hutumia shilingi, ila shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa makumi ya shilingi za Uganda. Mgeni akitajiwa maelfu kwa mlo mmoja asidhani anaibiwa. Abadilishe fedha zake katika duka lenye kibali, azihesabu palepale, wala asizitoe mfukoni barabarani.

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Tangu Februari 2018 kuna kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi zote mbili humkagua msafiri chini ya paa moja, upande ule anaouingia. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kati ya kituo na kituo palikuwa na mwendo, na vijana wenye baiskeli wakawapakia wasafiri kwa ujira, wakiita kwa neno la Kiingereza la mpaka kama lilivyotamkwa na wenyeji: boda, boda! Ndiyo asili ya neno ambalo leo twalisikia hata Lamu. Bado utawaona pia walemavu wakivusha shehena za biashara kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Wapishe njia, maana wako kazini.

Ukishavuka, ulizia teksi ya Tororo, iliyoko upande wa kaskazini. Kule teksi ndiyo matatu yetu. Utajua umekaribia utakapouona Mwamba wa Tororo umesimama peke yake juu ya tambarare.

Hayo yote niliyajua au nilifundishwa njiani. Lililonishinda ni la mlangoni.

Mwenyeji wangu, mwalimu mwenzetu wa Kiswahili, alinipokea stendi, tukaenda kwao nje kidogo ya mji. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Tulipokaribia aliingia dukani kununua sukari, akanionyesha nyumba, akaniambia nitangulie, mama yake yumo. Nikafika mlangoni, nikabisha kama nilivyolelewa: "Hodi! Hodi wenyewe!" Ndani sauti zikakoma. Taa ikazimwa. Nikasikia komeo likisukumwa. Nikadhani mama ni mzito wa kusikia, nikapaza sauti zaidi.

Mwenyeji wangu akaja mbio. Alisema na mama yake kwa lugha ya Wapadhola kwa muda mrefu ndipo mlango ukafunguliwa. Nilimkuta mama ameketi mkekani, mikono ikimtetemeka. Nilimwamkia kwa Kiswahili, hakuitika.

Usiku ule mwenzangu alinieleza uani. Mwaka 1977, mwaka aliouawa waziri Charles Oboth-Ofumbi, mzaliwa wa nchi hiyo ya Wapadhola, watu walibisha mlangoni kwao kwa Kiswahili na kumchukua baba yake, aliyekuwa karani. Hakurudi, wala kaburi halikupatikana. "Mama huniambia nafundisha lugha ya wale waliokuja," alisema, naye akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha.

Ndugu zangu, nilikosa usingizi. Darasani sisi husema kwamba Kiswahili ni lugha ya udugu. Lakini huko kilitoka kambini tangu enzi za askari wa mkoloni. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, hali askari wake walikitumia vizuizini. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoazimia mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, wengi wetu tulishangilia. Mimi nilimkumbuka mama yule.

Asubuhi nilimwomba mwenzangu anifundishe salamu ya kwao. Nikaenda nilipokuwa mama akichambua maharage, nikaketi chini, nikaitamka vibaya. Akacheka, akanirekebisha mara tatu. Kisha, kwa mazoea tu, ulimi ukaniponyoka: "Shikamoo, mama."

Alinyamaza kitambo. Akasema, "Marahaba, mwanangu."

Mwanawe mwenyewe alishangaa, kwani hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Mama akaeleza, mwanawe akinifasiria. Mwaka 1979, askari wa Tanzania walipofika, kijana mmoja alisimama uani kuomba maji. Alimwamkia kwanza, na alipoona hajibiwi, akamfundisha jibu. "Alikuwa na bunduki," mama alisema, "lakini alisubiri niitikie."

Basi, ewe unayejiandaa kuvuka, chukua cheti chako, chandarua na fedha ulizozihesabu. Kisha jifunze salamu ya unakokwenda kabla hujatoka kwenu: kwa Wateso, walioko pande zote mbili za mpaka, useme "Yoga", kwa Waluhya wengi wa upande wa Kenya, "Mulembe". Ukialikwa nyumbani kwa watu, jitahidi ufike mchana, au ufuatane na mwenyeji. Wasichana wakipiga magoti kukuamkia, usiwainue kwa haraka. Pokea heshima yao kwa utulivu. Na utakapobisha hodi kwa Kiswahili chetu tukipendacho, usiipaze sauti usipojibiwa. Ngoja uitikiwe.