Mikebe Miwili ya Stoo

Zamani niliwacheka watu wanaokusanya sinema za kale zisizojulikana. Nilipofagia stoo ya misheni, nilichoma mikebe miwili ya filamu bila hata kuifungua.

Baadaye nikasoma habari za sinema ya Mtakatifu Yoana wa Arc, iliyopigwa Ufaransa na Carl Dreyer, mtu wa Denmark, ikatolewa mwaka 1928. Filamu ya asili iliteketea kwa moto huko Berlin mwaka ule ule. Nakala nzima ikaja kuonekana mwaka 1981, katika kabati la hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Norwei. Kabatini, jamani!

Sasa nawaelewa wakusanyaji. Lakini mikebe yangu ilikuwa na nini? Padre mzee aliyeileta amekwisha kufa, sina wa kumwuliza.